Nimenunua albamu ya zamani ya msafiri, ina Port Said, Aden, Mombasa na Unguja. Naombeni msaada kuisoma

Mpekuzi_Leicester

Wakuu habari za wikiendi. Naombeni macho yenu hapa.

Mimi naishi huku Uingereza, Leicester, na Jumapili napenda kupitapita kwenye yale magulio ya vitu vya mitumba ambayo watu wanafungua buti la gari wanamwaga bidhaa chini. Sasa kuna mzee alikuwa anauza makorokoro ya nyumba aliyopewa kazi ya kuisafisha baada ya mwenyewe kufariki, chini ya rundo la sahani nikaona kitu kama kitabu kikubwa, jalada la ngozi nyekundu imechakaa, nafungua mwanzo naona meli, nafungua katikati uso kwa uso na Beit al-Ajaib, lile jumba kubwa la Forodhani Unguja! Nilijikaza nisionyeshe kitu usoni nikatoa pauni 15 nikaondoka zangu.

Iko hivi. Kurasa ni karatasi nene ya kijivu, picha zimegandishwa kwa gundi mbele na nyuma. Picha ni za aina mbili, kuna kubwa safi kabisa unaona ni kazi ya fundi, na kuna ndogondogo kama sentimita 6 kwa 8 hivi, nyingi zimefifia na zingine bahari imelala upande utadhani meli inazama. Chini kuna maelezo ya penseli kwa Kiingereza, mafupi tu. Inaanzia kwenye sitaha ya meli, halafu Port Said, mfereji wa Suez, Aden, Mombasa, Unguja. Jina la mwenyewe hakuna, mwaka hakuna, kwenye jalada kulikuwa na herufi mbili za dhahabu lakini zimelika hazisomeki.

Ninachouliza: ni ya mwaka gani hii? Huyu bwana ndiye aliyepiga hizo kubwa au vipi? Na kuna jamaa mmoja nimemwonyesha ananiambia nibandue zile za Unguja niuze moja moja mtandaoni kwa sababu ndizo zenye soko, hizo za baharini nitupe. Kama ni kubandua nitumie nini, mvuke wa birika?

Mtoto wa Malindi

Mvuke wa birika?? Bwana wee weka birika chini kwanza tuzungumze.

Mwaka tutaupata, majengo yenyewe yatasema. Angalia picha za Forodhani. Kabla ya tarehe 27 Agosti 1896 mbele ya Beit al-Ajaib kulikuwa na mnara mrefu umesimama peke yake, ule wa taa ya kuongoza meli. Siku ile Waingereza walipopiga mizinga, vita haikufika hata saa moja, mnara ule ukaharibiwa, Beit al-Hukm ikaenda na jumba la Sultani likaenda, Beit al-Ajaib ikabaki. Walipotengeneza upya ndio ukaja mnara wa saa uliobandikwa kwenye uso wa jumba lenyewe, huu sote tulioukuta mpaka ulipoporomoka na upande mzima wa jengo Disemba 2020. Kwa hiyo mnara peke yake = kabla ya mizinga. Mnara juu ya jumba = baada.

Pili tazama baharini. Meli ya Sultani ikiitwa Glasgow ilizamishwa palepale bandarini na maji pale si ya kina, basi milingoti yake na dohani vikabaki vimechomoza miaka na miaka. Walikuja kuikatakata 1912. Ukiona miti mitatu imesimama majini haina chombo chini yake, ndiyo hiyo.

Na Shangani je, Minara Miwili ipo? Kanisa lile limejengwa miaka ya 1890.

Mpekuzi_Leicester

Mkuu wewe ni hatari. Nimekaa na miwani ya kukuzia mpaka saa saba usiku.

Sasa umenichanganya. Ile picha kubwa ya Forodhani, nzuri kuliko zote, mnara uko PEKE YAKE mbele. Lakini kwenye ukurasa uleule kuna vipicha viwili vidogo amepiga akiwa kwenye mashua, kimoja mnara uko kwenye jumba na kingine nimeona miti mitatu majini kama ulivyosema, na penseli imeandika "mabaki ya jeshi la majini la Sultani", naona kama anadhihaki hivi. Minara Miwili ipo. Sasa ina maana alikuja mara mbili au?

Fundi Mwanga

Hapana mkuu, alinunua.

Mimi nipo Arusha, nimekulia kwenye studio ya baba, acha nieleze kidogo. Wasafiri wa enzi zile walikuwa wanashuka bandarini wanaingia studio wanachagua picha kwenye sampuli kama unavyochagua kitenge, wanalipia, wanaondoka nazo, wakifika kwao wanagandisha kwenye albamu pamoja na za kwao. Unguja studio zilikuwepo na wengi wa wenye nazo walikuwa Wagoa (watu wa asili ya Goa, India), Gomes, ndugu wawili wa Coutinho, hao ndio majina makubwa. Na mwenye studio akishakuwa na negativu nzuri ya kioo (ile picha ya kinyume anayochapia) haitupi hata kama jengo lenyewe limeshapigwa mizinga likaanguka, anaichapa leo, anaichapa baada ya miaka kumi, tena baada ya vita ile picha ya "zamani ilivyokuwa" ndiyo inauzika zaidi. Kwa hiyo zile kubwa zikupe mwaka wa NEGATIVU, ila safari yenyewe isome kwenye zile ndogo ulizosema zimepinda. Hizo ndio zake.

Angalia pembe za chini za zile kubwa, mara nyingi kuna namba na jina limeandikwa kwenye negativu, linatokea kwa maandishi meupe.

Halafu ukubwa uliotaja, 6 kwa 8 na kitu. Kodak walitoa kamera ya Brownie ya kwanza 1900, iliuzwa dola moja tu Marekani, ila ile picha zake zilikuwa za mraba. Mwaka 1901 wakaleta Brownie namba 2, hiyo ndiyo ya inchi 2¼ kwa 3¼, na filamu yake ni 120 ambayo mpaka leo ninayo kwenye friji hapa. Nadhani ndiyo hiyo. Ingekuwa picha za duara ningekwambia rudi nyuma mpaka kamera za Kodak za mwanzo kabisa, 1888 na kuendelea.

Karatasi pia inasema. Zile kubwa, je, karatasi ni nyembamba sana, rangi imeelekea kwenye manjano ya chai, na ukiinamisha kwenye mwanga unaona nyufa ndogondogo? Hiyo ni ya ute wa yai, ilitawala karne ya 19. Ndogo je, kingo zimeanza kung'aa kama fedha? Hiyo ni jelatini, fedha iliyomo kwenye picha inapanda juu kadiri miaka inavyokwenda. Usiipanguse!! Watu wanadhani ni uchafu.

Na jaribio la mwisho, lenzi ya kukuza. Ukiona vidoti vidoti vimepangana kama vya gazeti, hiyo si picha, ni kadi iliyochapwa kiwandani.

Mchumi Halisi

Mnamzungusha mtu na mayai na fedha wakati kauliza swali la pesa. Kaka, soko ni soko. Anayetaka Unguja hataki Port Said. Anayetaka treni hataki wanawake. Ukiuza nzima atakuja dalali mmoja akupe bei ya kutupa halafu YEYE ndiye abandue. Bora ubandue wewe. Umelipa 15, rudisha hata mia tatu ukale bata, hawa wa humu hakuna atakayekutumia hata senti.

Mpekuzi_Leicester

@Fundi Mwanga nimekuta! Ile kubwa ya mfereji wa Suez pembeni ina namba na "Zangaki". Zile za Unguja mbili zina namba tu. Na karatasi zake ni kama ulivyosema, manjano ya chai. Ndogo zinang'aa kingoni zote.

Kipicha kidogo cha Port Said kina sanamu kubwa ya mtu amenyoosha mkono kwenye gati, inasaidia?

Na nimesahau kusema, mwishoni kuna treni inapita kwenye kichochoro, ukuta huku ukuta huku, watoto wamejibanza mlangoni. Nilidhani ni Mombasa ila ipo kwenye kurasa za Unguja.

@Mchumi Halisi nimekuelewa ila subiri kwanza.

Mtoto wa Malindi

Hahaha hiyo ni treni ya Bububu! Imepita mtaani kwetu hiyo. Ilianza 1905, kampuni ya Wamarekani ndiyo iliyoijenga, kama maili 7 tu kutoka karibu na Ngome Kongwe mpaka Bububu, na ilikuwa ikipita mtaa wa Malindi katikati ya nyumba kiasi mtu dirishani angeweza kumpokonya abiria kofia. Ikafa 1928. Bibi yangu alikuwa akihadithia moshi wake ulivyokuwa ukitia weusi nguo zilizoanikwa juu.

Basi tumeshambana. Treni ni baada ya 1905, milingoti ya Glasgow ni kabla ya 1912. Hapo ndani. Kama kuna picha ya Sultani tuambie sura yake, maana Sayyid Ali bin Hamoud alitawala 1902 mpaka 1911, huyo kijana aliyesomeshwa Uingereza, na baada yake ndio Sayyid Khalifa aliyekaa mpaka 1960.

Fundi Mwanga

Na hiyo sanamu ya Port Said ni Ferdinand de Lesseps, yule Mfaransa wa mfereji. Waliizindua Novemba 1899, Wamisri wakaja kuilipua 1956 baada ya vita ya Suez. Kwa hiyo kila kitu kinakubaliana. Zangaki walikuwa ndugu wa Kigiriki waliofanya kazi Misri, picha zao zipo kwenye karibu kila albamu ya aliyepita mfereji zama zile, usidhani umepata kitu adimu kwa hiyo moja.

Nikuulize, Aden amepiga nini? Nataka kubashiri. Matangi ya maji, yale yaliyochongwa kwenye mwamba pale Crater. Na watoto wanaopiga mbizi kufuata sarafu.

Mpekuzi_Leicester

Matangi kurasa nzima mbili. Watoto wa mbizi wapo, kichwa kimoja kimetokeza majini na mkono umeinuliwa. Umejuaje???

Fundi Mwanga

Wote walipiga hivyohivyo. Meli inatia makaa Aden saa kadhaa, abiria hawana pa kwenda, wanakodi gari kwenda matangi, wanarudi. Njia ilikuwa moja na vituo vilevile, ndio maana mimi huwa naangalia pale mtu alipotoka nje ya njia.

Bi Mkubwa wa Ndia Kuu

Hamjambo wanangu. Mimi ni wa Mombasa Mji wa Kale, kijana wangu ndiye aliyenionyesha haya mazungumzo nami nimekaa nayasoma tangu asubuhi na chai imepoa.

Wewe wa Leicester, mambo ya minara waachie wanaume, mimi nieleze watu. Umetuambia majengo na meli, hukutuambia hata mtu mmoja amevaa nini. Mombasa kuna nini? Troli zipo, zile gari ndogo za kusukumwa kwa mikono kwenye reli nyembamba, wazungu wamekaa juu chini ya kijipaa? Wanawake wamevaa leso au wamevaa kaniki? Buibui umeona au wana ukaya tu kichwani? Na hao wanawake wamepigwa studio au majumbani? Nataka ujibu moja moja usiniruke.

Mpekuzi_Leicester

Shikamoo Bi Mkubwa. Najibu kama ulivyoagiza.

Troli ipo, watu wawili wanasukuma, kasimama mmoja kageuka anatazama kamera.

Wanawake kwanza kuna picha kubwa tatu za studio. Kuna mmoja amesimama kaegemea kiti, suruali yenye marinda chini ya magoti mpaka kifundoni, kitambaa kichwani, na barakoa ya kufunika uso iko mkononi kaishika. Mwingine amekaa kwenye mkeka, na nimegundua zulia ni lilelile na pazia la nyuma lililochorwa mawingu ni lilelile kwa wote watatu. Penseli imeandika "mrembo wa Kiswahili", "mke wa Mwarabu" na "suria". Halafu nikaangalia sana, huyo mke wa Mwarabu na huyo suria ni mtu mmoja! Ana alama ya kovu juu ya jicho.

Picha ndogo za wanawake ni nne, zote Mombasa. Wako kwenye ua wa ndani wa nyumba, kuna kisima pembeni na kinu, wanne wamekaa kwenye ngazi, vichwa wazi, mmoja anasuka nywele za mwenzake, mwingine kacheka mpaka kaficha mdomo. Leso zina madoa makubwa meupe, sioni maandishi yoyote. Hapo penseli imeandika "alasiri nyumbani kwa rafiki zetu".

Bi Mkubwa wa Ndia Kuu

Marahaba mwanangu. Ushamaliza kazi mwenyewe wala hujui.

Hizo za studio usizitie maanani kuwa ndio maisha. Huyo mwenye kovu alilipwa akakaa, akavishwa hiki akapigwa, akavishwa kile akapigwa, na mwenye duka akaandika jina la kuuzia. Leo ni mke, kesho ni suria. Mwanamke wa nyumba kubwa wakati ule hakwenda kukaa mbele ya Mgoa na sanduku lake aje atazamwe na kila baharia.

Lakini za uani! Nyinyi nyote tangu juu mwasema bwana huyu, jamaa huyu. Hebu fikirini. Mwaka 1906, 1908, sijui, mwanamume wa kizungu mgeni aingie ua wa ndani wa nyumba ya Waswahili Mombasa, akute wanawake vichwa wazi wanasukana, nao wacheke mbele yake? Angefika wapi huyo, si angeishia barazani akaletewa kahawa na tende akaambiwa karibu tena? Aliyepiga hizo ni mwanamke. Ameingia kwa sababu ni mwanamke.

Na leso hazina maandishi kwa sababu maneno yalikuja baadaye kidogo, na ya mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Madoa ndiyo mtindo wa kale. Hiyo nayo yaenda sawa na miaka yenu.

Mtoto wa Malindi

Subhanallah. Bi Mkubwa umetufunga mdomo wote.

Mchumi Halisi

Inaweza kuwa mumewe alibaki barazani na kamera akampa mke apige. Si lazima albamu iwe ya mwanamke.

Bi Mkubwa wa Ndia Kuu

Na inaweza kuwa mke ndiye aliyempa mume apige za meli. Mbona hilo hukulisema?

Mjukuu wa Kilwa

Nimeingia kimyakimya ila nina swali. @Mpekuzi, kuna picha ya watu wamefungwa minyororo shingoni? Albamu nyingi za wakati huo zinayo.

Mpekuzi_Leicester

Ipo. Kubwa, ya kununua. Wanaume kama nane wamefungwa mnyororo mmoja, wamebeba ndoo, nyuma yao askari ana bunduki na kofia yenye kitambaa cha kufunika shingo. Penseli: "watumwa". Nilikuwa sijui niielezeje humu.

Mjukuu wa Kilwa

Asante. Huyo askari ndiye wa kumwangalia. Hiyo sare ni ya Wajerumani, na hao ni wafungwa, wamehukumiwa na serikali ya kikoloni wanafanyishwa kazi mjini, kuchota maji, kufagia, kubeba mawe. Wajerumani walikuwa wanawafunga mnyororo shingoni kweupe na picha zake zipo nyingi, hata kwenye mkusanyiko wa Walther Dobbertin aliyekuwa na studio Dar es Salaam, ambao sasa uko kwenye nyaraka za taifa za Ujerumani. Msafiri ananunua dukani, kichwani kwake anajua "Afrika = mtumwa na mnyororo", basi anaandika watumwa. Miaka mia baadaye mtu anaiweka mtandaoni na maandishi yale, inakwenda kwenye vitabu vya shule, na Mjerumani amepona, lawama zote zimemwendea Mwarabu peke yake. Sisemi utumwa haukuwepo, kwetu Kilwa tunaujua vizuri kuliko wengi, nasema picha HII inaonyesha kitu kingine na kina mwenyewe.

Kwa hiyo hapo usifute penseli. Iache kama ilivyo, andika maelezo yako pembeni kwenye faili.

Karani wa Makabrasha

Wadau nimechelewa. Mimi kazi yangu ni nyaraka (siyo msemaji wa ofisi yoyote, nasema kama mimi). Naongezea la kuuza na kubandua kwa sababu hapo ndipo roho inaniuma.

Hebu oneni wenyewe mlichofanya humu. Mmejua mwaka kwa kulinganisha picha ya ukurasa huu na ya ukurasa ule. Mmejua ya kununua na ya kupiga kwa sababu zipo pamoja. Bi Mkubwa amejua ni mwanamke kwa vipicha vinne vilivyofifia ambavyo Mchumi angekwambia tupa, havina soko. Sasa bandua ile ya Forodhani uiuze peke yake, aliyeinunua atabaki na nini? Picha ya 1890 na kitu, Gomes labda, basi. Zote zilizobaki zinakuwa yatima. Na gundi ile ya zamani haibanduki, karatasi ya ute wa yai ni nyembamba kuliko unavyofikiria, ukiipa mvuke inajikunja na uso unapasuka.

Cha kufanya kwanza, leo leo, piga kila ukurasa MZIMA kwa simu kwa mpangilio wake, kuanzia jalada mpaka jalada, hata kurasa tupu na sehemu ambazo picha imeng'oka ikabaki gundi. Kivulini karibu na dirisha, bila flashi. Hiyo ni bima. Baada ya hapo ndipo upige au uskani moja moja, skana ya kulaza tu siyo ile inayovuta karatasi, dpi 600 (doti 600 kwa inchi) inatosha kwa hizo ndogo, hifadhi kama faili la TIFF lisilopunguza ubora na nakala mahali pawili. Mikono safi mikavu. Kati ya kurasa weka karatasi isiyo na asidi. Ilaze, usiisimamishe kwenye rafu kwa sababu uzito unavuta uti wa kitabu. Usiweke darini wala stoo ya chini, huko Uingereza unyevu upo usidanganyike na baridi. Usitie nafthalini (zile tembe za kufukuza wadudu), na naomba sana usitumie seloteki.

Kama nyuma ya albamu kuna bahasha ya negativu za filamu nijulishe kabla hujafanya lolote, filamu za enzi hizo zinashika moto vibaya, usiziweke karibu na hita.

La kuuza ni lako, pesa ni yako. Ila kama siku moja utaiachia, iachie nzima. Kuna Mwingereza Humphrey Winterton alikusanya albamu na picha za Afrika Mashariki za 1860 hadi 1960, kiasi cha picha zaidi ya 7,000, chuo kikuu cha Northwestern kule Marekani kikauchukua mkusanyiko wote 2002 na wameuweka wazi mtandaoni unaangalia bure, na thamani yake kubwa ni kwamba zimeachwa kwenye mpangilio wa albamu zake. Nenda kaangalie, unaweza hata kukuta studio ile yenye zulia lako. Na Unguja kuna ofisi ya Nyaraka pale Kilimani. Hata usipowapa yenyewe, nakala nzuri za kidijitali zenye maelezo kama haya ya humu watu wangefaidi. Asili usiitume kwa posta ya kawaida tafadhali.

Mchumi Halisi

Sawa mzee nimekaa chini. Ila mseme basi nakala anaweza kuziuza au haki ni ya nani?

Karani wa Makabrasha

Kwa sheria ya Uingereza haki ya mpiga picha inadumu maisha yake na miaka 70 baada ya kufa. Gomes mkubwa na akina Zangaki kwao imeshapita. Huyu mama hatumjui hata jina, na kama aliishi mpaka uzee inaweza kuwa bado. Kuonyesha na kujadili hivi hakuna atakayekugombeza, kuchapa kalenda ya kuuza subiri kwanza.

Mpekuzi_Leicester

Jamani. Bi Mkubwa nina kitu chako.

Nimefanya alivyosema Karani, nimepiga kurasa zote, na kwenye simu ukikuza unaona vitu ambavyo kwa macho havionekani. Ile picha ya troli ya Mombasa. Chini kabisa kwenye mchanga kuna kivuli cha mpigaji. Kofia pana sana ya duara, viwiko vimetokeza pande mbili kama mtu aliyeshika kiuno, na chini kivuli kinapanuka kama kengele. Ni gauni!! Nikarudi kwenye Aden kwenye matangi, kivuli kilekile. Kwenye gati la Port Said kipo pia, kimekatwa nusu.

Fundi Mwanga

Viwiko hivyo ni Brownie, kwa sababu ile kamera huiweki jichoni, unaishika tumboni unaangalia kidirisha cha juu. Na maelekezo ya Kodak yalikuwa jua liwe nyuma yako, ndio maana kivuli kinaingia mbele kila mara. Kwa hiyo aliyepiga ndiye yeye, tena Port Said, Aden na Mombasa, siyo uani tu. Mchumi, mume gani huyo wa kupokezana kamera sasa.

Mchumi Halisi

Nimesalimu amri 😂 

Mpekuzi_Leicester

Siuzi. Nimeshamwambia yule jamaa atafute kwingine. Wiki ijayo kuna rafiki ana skana nzuri kazini kwake, nitaanza na Mombasa.

Kuna moja imenikera tu. Kuna kipicha cha mbwa mdogo mweupe amekaa kwenye ngazi na kando yake kijana wa miaka kama kumi na saba hivi amevaa kanzu na kofia ya kazi ya mkono, amemshika mbwa kamba, anatazama kamera kama anataka kusema neno. Penseli imeandika "Toby na boi". Mbwa ana jina.

Mjukuu wa Kilwa

Angalia kurasa nyingine kama kijana yupo tena. Mara nyingine wanaandika jina mara ya kwanza wanapomtaja halafu baadaye ndio inakuwa boi tu.

Bi Mkubwa wa Ndia Kuu

Nami naitaka hiyo ya uani, mwanangu, kabla ya zote. Kisima kilicho karibu na ngazi najua nyumba kama tatu tu mjini zilizokuwa nacho na moja wapo ilikuwa ya jamaa zetu. Weka ukurasa mzima na penseli yake, nitawapelekea wazee waangalie hizo sura.

Mpekuzi_Leicester

Naipandisha leo usiku nikitoka zamu Bi Mkubwa. Na huyo kijana nimemkuta ukurasa mwingine, yuko nyuma kwenye mashua ya kwenda melini, ila hapo penseli imepigwa mkwaruzo na kidole, herufi ya kwanza inaonekana kama M au H. Karani, kuna namna ya kuisoma bila kuiharibu?

Karani wa Makabrasha

Ipo. Zima taa za chumba, washa tochi ya simu uilaze ubavuni mwa karatasi, mwanga upite chini kabisa, penseli inaacha mfereji kwenye karatasi hata rangi ikiondoka. Piga picha ukizungusha tochi pande zote nne halafu tuwekee zote.